Panya Wangu Wanagonga Mguu Kama Marehemu Mke Wangu

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, na kama utanicheka basi nicheke ukishamaliza kusoma, maana mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu na jambo linalonitesa ni la panya wawili.

Nianze mbali kidogo. Mimi na marehemu mke wangu tulikuwa mafundi nguo kwa miaka thelathini na mmoja, katika chumba cha mbele cha nyumba hii hii ninamoandikia, yeye kwenye cherehani ya miguu karibu na dirisha na mimi kwenye meza ya kukatia upande wa mlango, yeye anashona mimi nakata na kupiga pasi, na hatukuwahi kubadilishana kazi hata siku moja kwa sababu mimi nikishona mshono unakwenda kama mlevi na yeye akikata anabania kitambaa hadi mteja anashindwa kupumua. Sasa, mke wangu alikuwa na tabia ya kushika pini kwa midomo, wakati mwingine sita saba kwa pamoja, kwa hiyo akinihitaji hakuweza kuita, alikuwa anagonga kikanyagio cha cherehani kwa ncha ya mguu, haraka haraka, ta-ta-ta, ta-ta-ta, na mimi popote nilipo, jikoni, uani, hata nikiwa katikati ya maneno na mteja, nasema "Nakuja," kisha nakwenda kumtungia uzi kwenye sindano au kumshikia upindo wa gauni la harusi. Miaka yote hiyo niliitwa kwa mguu, mshauri, na wala sikujua kwamba nilikuwa napenda.

Alifariki mwaka juzi. Cherehani nikampa mke wa mwanangu, ambaye anaitumia vizuri na simlaumu, lakini ameitia mota, sasa inanguruma tu na kikanyagio amekiondoa. Kwangu kukawa kimya hadi nikawa naiacha redio iongee peke yake. Ndipo binti yangu wa mwisho, ambaye ana huruma kuliko akili (namtania, anazo zote mbili), akaniletea panya wawili wa jangwani. Si hawa wa jikoni, usije ukashtuka, hawa ni wa kufugwa, wadogo, mkia una manyoya hadi nchani, na wanasimama kwa miguu ya nyuma wakikutazama kama wateja waliofuata nguo ambayo haijaisha. Ni dada wawili, mweusi nikamwita Kifungo na yule wa rangi ya mchanga nikamwita Uzi. Binti akaniwekea tangi la kioo lililokuwa la samaki, akalijaza maranda ya mbao kupita nusu, akanieleza kwamba maisha ya hawa viumbe ni kuchimba, akaniambia, "Baba, haya maranda usiyapunguze, wanahitaji pa kujificha." Nikasema sawa.

Wiki ya pili mkasi wangu mkubwa uliniponyoka ukaanguka sakafuni, na kabla sijauokota nikasikia kutoka kwenye tangi: ta-ta-ta, ta-ta-ta. Alikuwa Kifungo, amesimama, anapiga chini kwa miguu ya nyuma. Mdomo wangu ulisema "Nakuja" kabla akili haijajua. Nilikaa kwenye kiti nikalia, kisha nikajikuta nimefurahi, na kilio kilipokwisha nikauchukua ule mkasi nikauangusha tena, makusudi.

Hapo ndipo kosa langu lilipoanza. Nikawa naangusha kila siku baada ya chai ya saa kumi, baadaye mara tatu nne kwa siku, mkasi, rula, kifuniko cha sufuria, chochote, na nilipoona maranda yanameza sauti nikayachota nikabakiza ya vidole viwili tu, chini nikaweka kipande cha ubao ili mguu usikike vizuri. Nikifumba macho inanijia harufu ya chaki na ya kitambaa kipya chini ya pasi, namwona alivyoinama, naiona ndara yake ya bluu iliyoisha kisigino, na kwa dakika moja nyumba inakuwa na mtu.

Lakini Kifungo sasa anagonga hata nikipita tu, na Uzi amekonda, haji mbele, anakwangua kona ya kioo mchana kutwa na mbegu anaziacha. Binti alipokuja Jumapili akatazama tangi akaniuliza, "Baba, maranda yamekwenda wapi?" Nikamdanganya kwamba yalilowa nikayatupa. Amesema Jumapili ijayo akimkuta Uzi yuko vile vile atawachukua wote wawili, na akiwachukua mimi nitabaki bila hata ule mguu. Nifanye nini? Nimwambie ukweli ama nifiche, na je, naweza kuwabakisha?

Wako, Mkata Vitambaa

*

Mkata Vitambaa, sikucheka. Mimi pia nilikuwa na mtu aliyekuwa anakohoa kwa namna yake kabla ya kufungua mlango, na hadi leo jirani akikohoa mimi hugeuka. Kwa hiyo pole, baba yangu, na ni pole ya kweli. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Panya wa jangwani akipiga miguu ya nyuma baada ya kishindo, anamwambia mwenzake kuna hatari, kimbia. Basi fikiria ulichokifanya. Mara nne kwa siku unawatangazia kwamba adui amefika, wanatafuta shimo, shimo hakuna kwa sababu wewe mwenyewe umelichota na kulitupa, na wakati wanahangaika wewe umefumba macho unanusa chaki. Mkeo aligonga kwa sababu alitaka uje. Hawa wanagonga kwa sababu wanataka uondoke. Najua maneno hayo yanachoma, na nimeyaandika yachome, kwa sababu mtu aliyeacha mteja mlangoni ili akamtungie mkewe uzi si mtu wa kutesa viumbe vinavyoenea kiganjani. Umepotea njia kwa sababu ya upweke, basi rudi.

Leo hii, kabla ya chai yako ya saa kumi, toa huo ubao. Rudisha maranda, shibiri moja kwenda juu na zaidi ukiweza, na wewe mtu wa vipimo usinifanyie shibiri ya mtoto. Yasiwe na vumbi wala ya mti wenye harufu kali, mapafu yao ni madogo mno. Watupie katoni na ile mirija inayobaki karatasi ya chooni ikiisha, wataitafuna vipande vipande na kujitengenezea kitanda. Mafundi wenzako hao. Wawekee bakuli la mchanga mkavu wa kuogea, na maji safi kila siku. Usije ukamshika yeyote kwa mkia hata akikukimbia, ngozi ya mkia huchubuka ikatoka. Na Uzi umpeleke kwa daktari wa mifugo kesho asubuhi, kwa sababu aliyekonda na kuacha kula anaweza kuwa na hofu, anaweza pia kuwa na meno yaliyozidi urefu, na hilo wewe na mimi hatuwezi kulijua kwa kutazama. Mpeleke pamoja na Kifungo. Ukiwatenganisha siku nyingi watasahauliana, na ukiwarudisha watapigana vibaya.

Kuhusu binti yako, usingoje Jumapili. Mpigie simu leo na umwambie yote: mkasi, ubao, uongo wa maranda kulowa, na lile "Nakuja" lililokutoka. Unaogopa atakuona umechanganyikiwa. Baba, huyo amekulia katika chumba hicho. Watoto wa mafundi nguo hutambaa chini ya cherehani wakiokota vifungo na vipande vya vitambaa, wewe ulikuwa mezani unakata, yeye alikuwa pale chini, sikio lake karibu na kikanyagio. Huo mguu unaoutafuta kwa panya, binti yako anaukumbuka. Muulize. Nina hakika tangu msiba hamjakaa mkamzungumzia mama yake mkacheka, mmekuwa mnaulizana tu kama umekula.

Baada ya hapo yeye ndiye ataamua kama wabaki, na akisema wanaondoka, utamfungia tangi vizuri na kumfungulia mlango bila kunung'unika. Lakini kama ameweza kukuletea, nadhani ataweza kukusamehe.

Akikuachia, fanya hivi. Kila siku saa kumi, mkasi ukiwa ndani ya droo, kaa karibu na tangi. Weka mbegu moja ya alizeti kiganjani, moja tu, zinawanenepesha, uteremshe mkono juu ya maranda taratibu, uutulize. Kisha kwa ukucha wa mkono mwingine gonga ukingo wa meza, ta-ta-ta, polepole, kama nyumba ina mtoto aliyelala. Wiki ya kwanza hawatakuja. Ya pili labda utaona pua. Usiwafuate, usisogeze mkono, usiwalazimishe.

Miaka thelathini na mmoja yeye aligonga na wewe ukaitika. Sasa gonga wewe, halafu subiri.