Joto Chumbani kwa Mama

Kibiti, Jumanne

Kumbe kadi ya pili ya picha ndani ya kompyuta yangu ilikosa waya wake wa umeme tu. Siku tatu nimeilaumu kompyuta bure! Sasa kadi zote mbili zinawapigia hesabu watafiti wa saratani kupitia mtandao, kwa kujitolea, chumbani kwa marehemu mama.

Mama mkubwa, dada yake, amefika leo kutoka Ruaruke kwa ajili ya arobaini. Alifungua mlango, akasita.

"Mwanangu, mbona humu kuna joto? Nani analala?"

"Ni kompyuta, mama mkubwa. Inasaidia kutafuta dawa ya ugonjwa ule."

Akakaa kitandani, akapapasa godoro kwa muda mrefu.

"Funga mlango," akasema. "Joto lisitoke."

Mlango ukifungwa, kadi zitakosa hewa ya kuzipoza, zinaweza kuungua.

Nimeufunga.