Matendegu Nimeyatundika Ukutani

Mbwera, visiwani mwa Rufiji,
Jumanne, siku chache baada ya Maulidi,
Mfunguo Sita, 1325.

Kwa umbu langu Mwanaamina binti Abdalah, Ngorongo.

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Khamisi, mwanangu, wewe unayemsomea dada yangu waraka huu, naanza na wewe. Soma polepole, wala usiruke mahali kwa haya au kwa huruma. Penye kichekesho mwache acheke. Penye mengine nyamaza kidogo, kisha uendelee.

Mpendwa Mwanaamina, u hali gani? Goti lako laonaje masika haya? Na kifua? Wifi yako Mwanahalima hajambo, na watoto wake wanapata cha kutia tumboni? Tunasikia njaa imeshuka mpaka bondeni kwenu, na kila mtumbwi ukifika huku kwanza natazama nyuso za watu ndipo niulize habari. Mimi sijambo, alhamdulillahi. Macho yamepungua, lakini herufi kubwa bado zanijua. Huku samaki wapo, na mchele kidogo upo, basi hatuwezi kulalamika mbele ya wenzetu.

Mwinjuma, nahodha wa mtumbwi wa mpunga, alinifikishia maneno yako juu ya mwaliko wangu kwamba uje ukae nami. Unajua anavyoigiza watu. Aliweka mkono kiunoni, akasema kwa sauti yako hasa: "Mwambie kaka, chumba chake kimoja, kitanda chake kimoja. Mimi nilale wapi, juu ya kofia yake?" Nilicheka mpaka nikashika mlingoti. Kisha akaacha kuigiza, akatazama maji, akanipa neno la pili kwa sauti yake mwenyewe: "Tena amesema yeye halali kitandani."

Sikumuuliza kwa nini. Najua. Tangu mwanao Shaban aondoke na wale walioyanywa maji, wakashuka kwenda kupambana na Wadachi, wewe hujapanda kitanda. Wafiwa hulala chini, siku zikitimia huondoa matanga na kurudi vitandani mwao. Wewe hujaambiwa kuwa mwanao amekufa, kwa hiyo hukumlilia. Hujaambiwa kuwa yu hai, kwa hiyo hukurudi kitandani. Ni matanga yasiyo na siku ya kuanza, na ndiyo maana hayana siku ya kuisha.

Nitalijibu kwanza neno lako la kwanza, maana ndilo jepesi.

Chumba ni hiki. Bibi Mwajabu, mwenye nyumba, alinipa chumba cha ubavuni nilipofika hapa na nguo moja na vitabu viwili, moto wa vita ulipoila nyumba yangu ya Kibiti. (Nani aliuwasha moto ule sijui, na nimeacha kuuliza.) Nikisimama katikati nikinyoosha mikono, nazigusa kuta zote mbili, nawe wajua mikono yangu ilivyo mifupi. Kitanda changu kimekula nusu. Nusu iliyobaki ndiyo chuo: asubuhi watoto hukaa pale juu ya mkeka na mbao zao, wanasoma. Kwa hiyo kitanda cha mgeni kiwe kitanda usiku, na mchana kiondoke, au kigeuke kuwa kitu kingine. Hilo ndilo lililonihangaisha tangu Mwinjuma aondoke.

Jirani yangu mmoja alirudi kutoka mnadani Salale na kitanda cha Kizungu cha turubai. Miguu yake imepishana kama ya panzi, na ukikikunja kinakuwa kama mwavuli. Akaniazima nikijaribu. Nilikaa ukingoni, na hilo ndilo kosa, kumbe kitanda kile chataka ukiingie katikati. Kikajifunga nami ndani. Bibi Mwajabu alisikia kishindo, akachungulia.

"Mwalimu, umekunjwa?"

"Nimekunjwa."

"Basi tulia hivyo hivyo nikusukumie mvunguni, tupate nafasi ya kupita."

Aliponitoa tukakipeleka mwangani, tukaona turubai lina doa la rangi ya kutu. Jirani akasema kitanda kile kilikuwa machela iliyobebewa majeruhi. Sikumuuliza majeruhi wa upande gani. Nilikirudisha siku ile ile. Sikutaka uje uniulize lile doa ni la nini, wala sikutaka ulione unyamaze.

Kisha pana mwenye duka anayeuza kasha refu la kukalia. Mchana ni kiti, ndani watia nguo, na usiku ukitandika godoro la sufi ni kitanda. Nililipenda mno. Nikalala juu yake pale pale dukani, mwenye duka akinitazama kama aonaye mteja aliyeshikwa na homa, na visigino vyangu vikaning'inia nje. Nawe ulinipita kimo tangu utoto, jambo ambalo mama alikukataza kulisema mbele za watu. Kasha nikaliacha.

Aliyeniokoa ni Mohamedi, fundi seremala. Alikuja kwangu, akainama, akatazama chini ya kitanda changu.

"Mwalimu, mvungu huu wote unalaza mende bure. Nikutilie mtoto humu."

"Mtoto?"

"Kitanda mtoto. Kifupi cha miguu. Mchana analala chini ya mama yake, usiku anatoka. Akija mtu wa kuzungumza naye, unamvuta nusu, mgeni anakaa."

Nikamwambia aanze. Akatafuta mbao za mkomafi, akaunga mifumbati ya ubavuni na vitakizo vya kichwani na miguuni, akawamba kamba kwa kuzikaza sana zisilegee zikagusa sakafu. Matendegu alikuwa bado anayachonga. Nikampelekea salamu alete kitanda hivyo hivyo, bila miguu, nikipime mvunguni kwanza.

Sasa sikiliza yaliyonipata, umbu langu.

Siku hiyo mvua ilikuwa ya manyunyu. Fundi hakutaka kamba mpya zilowe, akazifunika kwa shuka, na shuka aliyokuwa nayo ilikuwa nyeupe. Yeye akatia bega mbele, mkwewe akatia bega nyuma, wakashika njia kwa haraka. Kitanda kisicho na matendegu, kimefunikwa shuka nyeupe, kimebebwa begani na wanaume wawili wanaokwenda mbio. Wewe na mimi tunajua hicho ni nini. Na njia nzima walijua.

Akutanaye na jeneza haulizi. Hutia bega kwanza, jina la maiti atalisikia mbele. Wakata boriti wakaweka mashoka chini wakaja. Watu wa mitumbwi wakaja. Wakawa wanapokezana, hatua chache huyu, hatua chache yule, kama ilivyo sunna. Fundi alidhani wanamsaidia kwa ajili ya matope. Akawa anawaambia, "Mungu awalipe, Mungu awalipe," nao wanaitikia, "Amin." Akasikia nyuma yake watu wanaleta shahada, akafikiri kuna maziko yanamfuata, akaongeza mwendo ili ayapishe. Kadiri alivyoongeza mwendo ndivyo na wao walivyoongeza. Na mmoja aliyekuwa chini ya mfumbati, hivi ndivyo alivyonisimulia mwenyewe baadaye, alimnong'oneza mwenzake: "Mwepesi, maskini." Mwenzake akajibu, "Njaa hii."

Mimi nilikuwa ndani nawaandikia watoto mbao. Nikasikia kilio cha Bibi Mwajabu uani: "Mwalimu wangu! Hata jana umekula wali wangu ukausifu!" Nikatoka na kalamu sikioni.

"Nani kafa?" nikamwuliza.

Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe," akasema.

Fundi ndipo alipogeuka akaona kijiji kizima mgongoni mwake. Akaifunua shuka. "Jamani, kitanda! Kitanda cha dada yake Mwalimu! Kitanda cha mgeni!"

Walicheka, Mwanaamina. Walicheka wakashikana mabega, na Bibi Mwajabu akanirushia kata ya maji akisema haya yalikuwa ya kukuoshea, yasipotee bure. Sijasikia watu wazima wakicheka namna ile tangu kabla ya vita.

Halafu kicheko kikakatika, na nadhani kila mmoja wetu alijua sababu. Kitanda kilikuwa chini katikati yetu, kitupu, na pale hapakuwa na mtu asiyekuwa na mtu wake aliyekwenda asirudi, ambaye hakubebwa na mtu begani wala hakufunikwa shuka. Mzee mmoja wa Kiongoroni, mkata boriti, wanawe wote wawili waliishia vitani. Akasema, "Mwalimu, sisi tumekwisha kuja. Tuwasalie sala ya ghaibu. Wale wetu wasiozikwa."

Wakatia udhu kwa maji ya Bibi Mwajabu. Mzee akapita mbele ya kila mtu, kila mtu akataja jina la mtu wake. Akafika kwangu. "Na wako?"

Jina lilikuwa mdomoni. Nilimfundisha mimi kuliandika, Kibiti, kwenye ukumbi wangu, na ile herufi ya kwanza, shini, alikuwa akiitia nukta nne badala ya tatu kila mara. Lakini sikulitaja. Nilimwambia, "Wangu ana mama yake, na mama hajasema." Yule mzee akaitikia kwa kichwa, akapita.

Nikawasalisha. Baada ya sala, kwa Shaban niliomba dua peke yangu, isiyosema ni hai wala ni maiti: Mola awe naye hapo alipo. Zaidi ya hapo si haki yangu. Mimi ni mjomba tu.

Hilo ndilo jibu la neno lako la pili.

Fundi alipoleta matendegu, mafupi, yamechongwa vizuri, alikuja na nyundo. Nikamzuia asiyagongomee. Nikamwambia atoboe mashimo, yaingie na yatoke kwa mkono.

"Kitayumba, Mwalimu."

"Kiyumbe."

Alidhani uzee umenizidi, lakini alitoboa. Matendegu nimeyafunga kamba moja, nimeyatundika ukutani, kwenye msumari wa kofia yangu. Kitanda chenyewe ki chini. Ukilala juu yake unalala chini, mkeka wako tandika juu ya kamba kama unavyotandika hapo Ngorongo. Hapana mtu atakayesema Mwanaamina amepanda kitanda. Mimi nitakuwa juu kidogo, pembeni yako, nakoroma kama zamani, na ukichoka kunisikia nigonge kwa fimbo.

Usifikiri nimekutengenezea hila ya kukuondolea matanga. Sitayagusa mimi yale matendegu. Shaban akitokea njiani, utayatia wewe kwa furaha, naye atalala kitandani, na mimi na wewe tutalala popote. Ukija siku moja ukaniambia, kaka, litaje jina lake katika sala, pia utayatia wewe. Na usiponiambia kamwe, yatakaa pale pale, kofia nitaitafutia msumari mwingine.

Wasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mimi hapa ni mwenyeji wa nini? Mimi mwenyewe ni mgeni wa Bibi Mwajabu. Watu wa hapa ni wema, wananipa salamu na samaki, lakini wakinitazama wanamwona Mwalimu aliyekuja na vita. Hapana anijuaye nilipokuwa naogopa mbuzi wa babu. Hapana wa kusema naye Kimatumbi. Juzi nilijikuta namsemesha paka, akaondoka. Katika tumbo la mama tumebaki wewe na mimi, na lugha ile yataka watu wawili.

Nitakuambia jambo moja, na Khamisi alisome wazi. Kila jioni watoto wakienda zao nakivuta kile kitanda kutoka mvunguni, nakitandika, nakaa juu ya changu. Asubuhi nakisukuma tena ndani. Bibi Mwajabu ameona, wala hakufanya mzaha.

Usije sasa. Mto umejaa na mikondo ni mibaya. Ngoja masika yaishe, maji yapungue, Mwinjuma atapanda tena kuchukua mpunga, kama upo wa kuchukuliwa, na nimemwomba akuwekee nafasi katikati ya mtumbwi ambako hakulowi. Kama hukusudii kuja, usinipelekee maneno. Yeye akifika peke yake nitaelewa. Na kama wakusudia, mpe uzi uliopimwa kimo chako, utosini mpaka kisiginoni. Kitanda nimekipima kwa kukumbuka, na huenda nimekukumbuka mfupi.

Nisalimie wifi yako Mwanahalima, umwambie wema wake kwako nauombea kila sala. Msalimie Biasha, bintiye, aliyenishonea kofia; ndiyo hiyo iliyonyang'anywa msumari. Wasalimie wazee wa msikitini. Bibi Mwajabu akusalimu ingawa hajakuona, asema chumba ni kidogo lakini meko ni yake na wali hautakosekana Mungu akipenda.

Mola akuhifadhi wewe na uliyemzaa, popote alipo, na atukutanishe tungali tunajuana sura.

Ni mimi kaka yako, anayekupenda na kukungoja,

Mshamu bin Abdalah.

Nimekipima tena kabla sijaufunga waraka. Ukijikunja kidogo magoti, kama ulivyokuwa ukilala kwa mama, kitakutosha.