Ndege Tatu Mpaka kwa Virginie

Bukavu, Ibanda, tarehe 11 mwezi wa pili 2024

Virginie mudogo wangu,

Simama kama unaweza. Kama hauwezi, bwana yako Blanchard asimame kwa jina lako, maana hili ni tangazo rasmi. Leo asubuhi, kwenye soko la Kadutu, mbele ya mashahidi, mimi Placide, kaka yako mukubwa na mwalimu wa jiografia, nimenunua mukanda wenye kifungo cha plastiki. Taifa lijulishwe. Wanasema kwenye kiwanja cha ndege chuma kinalia na unavuliwa mukanda mbele ya watu, na weye unajua suruali yangu bila mukanda: inarudi kijijini Nyangezi peke yake.

Bon, salamu sasa. Hujambo? Ile mashine ya kusafisha damu inakutendea vema? Blanchard amezoea pilipili ya Wahindi ao bado analia mezani? Siye huku tuko, mvua tu, bibi yangu Constance na watoto wanakusalimia.

Jumapili ukoo wote tulikuwa Nyangezi, kwa muzee wetu tonton Murhula. Misa, mbuzi, pombe ya kasiksi. Tumekula, tonton akasimama: "Placide, waganga wa hospitali wamesema damu yako na ya dada yako zinapatana. Weye unasemaje? Utamupa figo moja?" Nyumba nzima ikanigeukia. Nilikuwa na nyama mudomoni, nikaitika kwa kichwa. Ukasikia vigelegele! Tangu siku ile maman mukubwa ananiita mukombozi, na ananipa kiti chenye mugongo. Kwa hiyo figo la kushoto ni lako, mimi ni mubebaji tu.

Lakini nieleze: hizi ndege tatu, mutu anatoka kwa moja anaingia kwa ingine namna gani? Miaka yote ninachora Asia ubaoni, na mimi mwenyewe sijapita Goma, tena kwa bato, ziwani.

Yaya wako,
Placide


Chennai, tarehe 14 mwezi wa pili 2024

Yaya Placide,

Salamu nyingi kwako, kwa Constance na watoto. Siye tuko vile Mungu anapenda. Nimecheka mukanda wako mpaka sindano ikatoka mukononi, infirmiere anayeniuguza akanigombeza kwa Kitamil. Sikuelewa neno, lakini matusi hayahitaji mutafsiri.

Sikiliza, mwalimu. Kigali watachukua valizi yako, hautaiona mpaka Mumbai, usiitafute njiani. Addis hautoki inje. Ukishuka, usifuate watu! Kila mutu anaenda kwake. Fuata televisheni kubwa zenye namba za milango, na urudie kuangalia, kwa sababu namba inabadilika wakati umeshaketi. Ukipata mulango, kaa mbele yake, hata kama kahawa inanuka vizuri namna gani. Mumbai ni pale pagumu: unapita kwa polisi, unachukua valizi, kisha unaikabidhi tena kwa ndege ya tatu, ile ya ndani ya inchi. Blanchard aliisahau ikizunguka, tukakaa hapa juma nzima na suruali moja.

Operesheni ni tarehe 6 ya mwezi wa tatu. Sitaki kukuogopesha, lakini ujue. Mishipa ya mukono inachoka. Munganga anasema baada ya Pasaka hajui vizuri atachoma wapi. Na sheria ya huku inataka mutoaji awe wa ukoo. Kwa hiyo, yaya, ni weye.

Mudogo wako,
Virginie


Addis Abeba, tarehe 2 mwezi wa tatu 2024

Virginie mudogo wangu,

Uko namna gani? Umelala? Mimi niko muzima, niko hotelini, ninakutumia barua hii kwa telefone, na ninaona haya.

Utanicheka, na uko na haki. Uliniambia usifuate watu. Nimeshuka, nikasikia Kiswahili cha kwetu, kile cha Kadutu kabisa: wamama wachuuzi wanaenda Guangzhou kutafuta vitambaa. "Papa, weye wa wapi?" "Wa Ibanda." "Ah, Ibanda, watu wa kula na kanya, si kwa vidole!" Mazungumuzo yakapamba moto. Wamenipa ndizi, nimewapa somo juu ya mito ya China ambalo hakuna aliyeliomba. Nimewafuata mpaka kwa mulango wao, nikapanga mustari pamoja nao, na ni mulinzi wa mulango ndiye aliniambia kwamba tiketi yangu si ya China. Nikarudi mbio. Tumbo lilifika mbele, miguu nyuma. Mulango umefungwa! Musichana akanionyesha ndege kwa kidole, vile mutu anaonyeshea mutoto mwezi.

Wamenipa kitanda na nafasi kwa ndege ya kesho. Mwalimu wa jiografia amepotea ndani ya nyumba moja! Usimwambie tonton.

Yaya wako,
Placide


Chennai, tarehe 3 mwezi wa tatu 2024

Yaya,

Pole sana! Hujambo lakini? Umekula? Blanchard nimemusomea barua yako mara mbili, amecheka vibaya, chumba nzima wakauliza nini. Hapa mambo ya kucheka ni kidogo, Mungu akubariki.

Waganga wanahitaji kukupima kwanza, kwa hiyo wamesogeza operesheni siku chache. Si neno. Leo usiongee na mutu, hata akiwa padri.

Mudogo wako,
Virginie


Bukavu, tarehe 24 mwezi wa tatu 2024

Virginie mudogo wangu,

Salamu. Ninajua nimenyamaza sana. Natumaini unapata nguvu kidogo.

Siku ile ya pili nilipata homa. Munganga wa pale akaniangalia, akaangalia karti yangu ya jaune, ile ya chanjo ya homa ya manjano, akasema tarehe yake haisomeki na kwamba Wahindi watanifungia peke yangu. Wakanirudisha Kigali. Nimekaa nyumbani kama valizi bila jina: kila mutu ananiangalia, hakuna anayeniomba. Hata kile kiti chenye mugongo maman mukubwa amempa mutu mwingine.

Nikipona tutaona. Salimia Blanchard.

Yaya wako,
Placide


Chennai, tarehe 20 mwezi wa ine 2024

Yaya Placide,

Anaandika Blanchard, ninasema mimi, kwa sababu mikono yote mbili imevimba. Salamu kwako na kwa Constance. Homa imeisha? Usirudi kwa kazi mbio, weye uko na umri sasa, hata kama ndevu unapaka rangi.

Mimi sina nguvu, lazima niseme kweli. Sasa wananichoma shingoni. Lakini viza yako inafika mpaka mwisho wa mwezi wa tano, Blanchard ameuliza. Tengeneza karti tu. Ndege ni zilezile, na sasa unazijua kuliko mimi.

Gloire anataka kuja. Ameacha masomo ya université juma nzima kwa kwenda kupimwa, na damu yake pia inapatana. Nimekataa. Ni binti yangu, hajazaa bado, siwezi kumupasua mutoto ili mimi nipone. Nimewaambia waganga wasimuandike: yaya yangu anakuja.

Kuko wenye kusema huko nyumbani kwamba ulikimbia. Tonton Murhula amethubutu kuniambia kwa telefone. Nimemutukana, yaya, mimi nimemutukana muzee mzima vile! Nimemuambia: Placide anaogopa mbwa, anaogopa radi, anaogopa hata bibi yake, lakini haogopi kwa ajili yangu. Akakata telefone.

Ninakungojea.

Mudogo wako,
Virginie


Bukavu, tarehe 12 mwezi wa tano 2024

Virginie mudogo wangu,

Salamu. Hali yako sikuulizi, Blanchard ameniambia yote, na kuuliza tena ni kukuchezea.

Acha Gloire aje. Mwambie leo, usingoje kesho. Viza yangu iko ndani ya kabati, ingali nzuri, na mimi sitakuja. Muombe tonton Murhula musamaha, alisema kweli.

Sikuwa na homa. Karti yangu inasomeka, nilichomwa sindano hapa Bukavu kama kila mutu. Wale wamama wa Guangzhou nimewaona wakipita mbali, na sikuwafuata hata hatua moja.

Nilifika Addis mapema. Nilifuata televisheni vile ulinifundisha. Namba ilibadilika mara moja, nikaiona, nikahama, nikakaa mbele ya mulango kabisa. Hakuna mwanafunzi wangu hata mumoja aliyewahi kutii hivyo. Kisha watu wakasimama. Nikasema moyoni, acha wazee waingie kwanza. Nikasema, acha wenye watoto. Nikasema, acha huyu mwenye furushi kubwa. Halafu mustari ukaisha, na mukono wangu ulikuwa hapa ubavuni, upande wa kushoto, sikujua niliuweka wakati gani.

Waliita jina langu. Walilitamka vizuri. Waliliita tena, na tena, halafu musichana mwenyewe akatoka mulangoni, akapita katikati ya viti akiuliza. Tulikuwa watu watatu ao wane tu. Akafika kwangu: "Monsieur Placide?" Nikageuka nyuma kuangalia anamuuliza nani. Kisha nikamuambia, "Hapana, dada. Mimi ninangoja ndege ya Kigali."

Nyangezi, mbele ya ukoo, neno hilo la "hapana" halingetoka hata kwa fimbo. Pale, mbele ya mutu asiyenijua, lilitoka kama salamu. Akanishukuru, akaniomba radhi kwa kunisumbua.

Sikukimbia. Nilikaa. Kwa kioo niliona ndege ikirudi nyuma polepole, ikigeuka. Nilifikiri juu yako, usiseme sikufikiri. Nilifikiri: sasa hivi anamuuliza Blanchard yaya amefika wapi. Nafasi ya kesho yake walinipa kweli, nami nikaomba wanirudishe Kigali, na hawakuuliza sababu.

Kitu kimoja kimebaki, na hiki Constance mwenyewe hajui. Ndege ilipoondoka, nilisikia njaa. Nilikuwa sijala kitu tangu Bukavu. Nikaenda kununua kuku na wali, nikala yote, nikaomba mukate wa kufutia sahani. Kilikuwa chakula kitamu, Virginie, sijui nikueleze namna gani. Na nilipomaliza kula, nikiwa nimeshiba vizuri, ndipo niliketi kukuandikia ile barua ya kukuchekesha.

Yaya wako,
Placide