Siku Tulipowafagia Majirani wa Shangazi

Nyuma ya soko,
Jumapili, 14 Mei.

Mpendwa Dada,

Kwa heshima na taadhima naitangazia familia yote, iliyo karibu na iliyo ng'ambo, kwamba Shangazi ana pazia jipya la mlango. Ni la kijani. Hotuba hazikuwepo.

Hujambo lakini? Kifua kimepoa? Na shemeji, ameizoea baridi au bado analala na soksi? Sisi wazima, ila mgongo wangu unalalamika, na hiyo ndiyo kazi yake.

Sasa shusha pumzi: Shangazi haendi makao ya wazee. Anabaki kwake.

Alipoteleza bafuni, afisa wa ustawi wa jamii alisema atakuja kuona kama bado anaweza kuishi mwenyewe. Kaka, mwenyekiti wa kila kitu bila kupigiwa kura, akaamuru nyumba ing'ae. Tukapiga deki, tukaficha cherehani chini ya kitanda. Majirani tukawaomba wasikanyage pale siku hiyo, wasije wakachafua.

Afisa akafika, binti mpole. Akaitazama sebule, safi kama chumba kinachosubiri mpangaji, akauliza nani humtembelea Shangazi. Kaka akajibu kwa fahari, "Hapa hakuna anayemsumbua, mwanangu."

Binti akanywea. Shangazi akainamia vidole vyake. Hapo ndipo nilipoelewa: tulikuwa tumemfanya mkiwa kwa mikono yetu wenyewe.

Mara pazia likafunuliwa bila hodi. Mama Pacha wa nyumba ya pili, katazo limemshinda, sketi ya mtoto mkononi. "Bibi, leo wamekufungia? Nimekuletea dawa zako, na hii imefumuka tena."

Afisa akavuta kiti. Akauliza nani mwingine huja, na Shangazi akataja nusu ya mtaa na nguo anazowashonea, hata cherehani tuliyoificha chini ya kitanda. Binti akatueleza kwamba zamani walikuwa wakianza na anachokosa mtu. Siku hizi wanaanza na alichonacho, na walio naye. Kaka akaitikia kwa kichwa kama aliyelijua hilo tangu utotoni.

"Bafuni tutaweka vyuma vya kushikia," akasema binti. "Nanyi mrudishieni cherehani yake."

Machozi yalinitoka. Nikasingizia vumbi, katika nyumba ile!

Msalimie shemeji na wanao wote, hasa yule mbishi. Shangazi anakuombea afya na riziki isiyokukimbia. Mungu akutunze huko uliko.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata usipojibu,

Kinyozi

Nilisahau: afisa ametaka mmoja wetu awe analala kwa Shangazi. Nimehamia mimi. Anakoroma.