Jembe Lisilo na Udongo

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba, barua yako imefika. Bibi yako hajambo, na mpunga tumeshavuna. Unauliza ukipita vijijini na fomu yako ya chuo, utajuaje kama utalii unawafaa wenyeji.

Miaka ya tisini, hapa kwetu Kahama, niliongoza kikundi cha bugobogobo, ngoma yetu ya kurusha majembe. Kwa kawaida tuliicheza baada ya mavuno. Wageni walipoanza kuja wakati wa palizi, nasi tukacheza wakati wa palizi. Siku moja akaja afisa wa utalii na fomu yake kupima mambo: wageni walikuwa wangapi, na je, waliridhika? Nilimjibu kwa majivuno.

Mama yangu akamshika mkono, akampeleka shambani kwangu, nami nikafuata. Mahindi yalikuwa yamemezwa na magugu.

“Mwanangu, andika na hili,” mama akamwambia yule afisa.

“Mama, kwenye fomu hakuna nafasi yake.”

“Basi geuza karatasi.”

Akageuza, akaandika. Mwaka ule tulikula nini, tuyaache. Ninachokumbuka ni jembe la ngoma mkononi mwangu, linang'aa, halina hata chembe ya udongo.

Swali la shamba, wewe liweke ukurasa wa mbele.

Babu yako