Mtu Aliyemjua Mwanangu

Kanoni, Karagwe
Juni

Baba Egbert,

Huku kahawa imeanza kuiva, na mama yako anakusalimu. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunaishia kuulizana hali ya hewa.

Tangu tumzike Egbert nawe ukarudi kazini Mwanza, nilikuwa silali. Nikaenda zahanati kwa mshauri, dada Beata. Hakunihukumu wala kunikatiza. Kwa mara ya kwanza nililitaja jina la mwanetu bila kuambiwa, "Mungu atakupa mwingine." Nilitoka pale nikiwa mwepesi.

Lakini nilipomwuliza, "Dada, sasa nifanye nini?" akanirudishia swali: "Agnetha, wewe mwenyewe unaonaje?" Nilikasirika. Ningekuwa najua, ningemfuata? Hata usingizi haukuja mpaka daktari aliponipa dawa.

Hata hivyo nilirudi kwake. Juzi aliniuliza ninachotaka. Nikamwambia, "Unasikiliza vizuri, dada, lakini hukumjua mwanangu. Nataka kulia na mtu aliyemjua."

Akaniambia, "Basi mwandikie."

Sikuombi uache kazi. Njoo hata siku mbili. Sisi wawili hatujawahi kumlilia pamoja.

Mkeo anayekungoja,
Agnetha