Sabuni ndani ya tangi

Aurore mwanangu, samaki wote wamekufa. Wote.

Jana mama nisiyemjua alibisha hodi, amekimbia vita Bunyakiri, mtoto mgongoni. Nikamuahidi atakaa hapa mpaka kaka yake anayeishi mtaa wa Kasha aje kumchukua.

Leo nimetoka kidogo kutafuta unga. Nimerudi, amesafisha tangi letu la samaki. Kwa sabuni, Aurore. Kwa sabuni.

"Papa, maji yako ilikuwa ya kijani. Nilitaka kukushukuru."

Maji hayo ya samaki ndiyo yaliyolisha mboga zetu zote za lengalenga. Na tangu ukimbilie Bujumbura, nilikuwa nasalimia samaki tu kila asubuhi.

Nilipomweleza, akamfunga mtoto mgongoni aondoke.

"Maman, rudi ndani. Nilisema kaka yako atakukuta hapa."

Sasa amelala kwenye kitanda chako. Mimi namwaga povu.